Kaya Ihesabiwe kwa Chungu, Si kwa Cheti

Katika vijiji vya Karagwe na Kyerwa si jambo geni kumkuta mwanamke aliyeishi na mwanamume miaka kumi, akamzalia watoto, akapalilia migomba na kuchuma kahawa ya kibanja chake, lakini siku ya kuandika majina ya wanaostahili msaada akaitwa kimada, kwa sababu mahari haikutolewa na cheti cha ndoa hakipo. Kauli hiyo haifai kutoka kinywani mwa mtumishi wa umma.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilikwisha kulitazama jambo hili. Kifungu cha 160 kinaeleza kwamba mwanamume na mwanamke wakithibitika kuishi pamoja kwa miaka miwili au zaidi, katika hali iliyowafanya watambulike kuwa mume na mke, itachukuliwa kuwa wameoana kihalali mpaka kinyume chake kithibitishwe. Hata dhana hiyo ikivunjwa mahakamani, mwanamke anabaki na haki ya kuomba matunzo yake na ya watoto waliozaliwa humo. Wala kutotimizwa kwa mila ya mahari hakuibatilishi ndoa. Mwenye mamlaka ya kutamka kwamba ndoa haipo ni mahakama, si mwenyekiti wa kitongoji, sembuse shemeji anayekitamani kibanja.

Na zaidi ya hayo, msaada wa serikali si tuzo ya ndoa. Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, uliozinduliwa mwaka 2012 chini ya Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, ulihesabu kaya, yaani watu wanaoishi pamoja na kula chungu kimoja. Wananchi wenyewe walizitaja kaya hizo katika mkutano wa kijiji, kisha hali zao zikahakikiwa kwa dodoso. Fedha mara nyingi zilikabidhiwa mikononi mwa mama, na sehemu ya ruzuku ilifungamana na watoto kuhudhuria shule na wadogo kupelekwa kliniki. Mwalimu aliyejaza fomu za mahudhurio anajua kwamba hakuulizwa iwapo wazazi wa mtoto walifunga ndoa.

Wapo wanaosema, na hoja yao ni ya kweli, kwamba mwanamke anayejiandikisha kuwa hana mume, ilhali mwanamume mwenye shamba kubwa la kahawa analala na kula hapo, anamnyang'anya mwenzake nafasi. Lakini dawa ya udanganyifu huo ni swali lile lile: nani anaishi hapa, na nani anatia kitu chunguni? Mwanamume aliyevuka mpaka pale Murongo akaenda zake Uganda, asirudishe hata kilo moja ya unga, asihesabiwe kuwa mlezi kwa kuwa tu jina lake limo daftarini. Naye anayekula hapo kila siku asifichwe kwa kisingizio kwamba hawajaoana.

Taabu kubwa huja mwanamume anapofariki. Daftari lina jina lake. Ndugu zake wanadai nyumba. Mwanamke na watoto wanageuka wageni katika kaya waliyoijenga. Mtendaji wa kijiji anayesubiri ukoo umalize kikao chake ndipo arekebishe daftari amekwisha kuchagua upande.

Watendaji wa vijiji na maofisa maendeleo ya jamii wa wilaya hizi mbili hawana budi kuyapitia madaftari ya kaya kila kinapotokea kifo au utengano, na kuyasoma hadharani katika mkutano mkuu wa kijiji. Walimu, ambao wanawafahamu watoto na nyumba wanakotoka, wahudhurie na waseme wanayoyajua. Ndugu wa marehemu mwenye pingamizi juu ya ndoa yenyewe aelekezwe mahakamani, na haki ya watoto isisimamishwe wakati shauri lake likisubiriwa.