Asilimia ya Elimu Ipimwe Hadi Kagunga

Bidii ya taifa katika elimu aghalabu hupimwa kwa kulinganisha fedha zinazotumiwa na serikali kwa elimu na pato zima la taifa. Mwaka 2015, katika mkutano wa Incheon, Korea Kusini, mataifa yalihimizwa yafikishe fungu hilo walau asilimia 4 hadi 6. Tanzania haikufikia asilimia 4 mwaka 2021. Kudai kwamba fungu hilo liongezwe ni haki. Hata hivyo kipimo chenyewe kina kasoro tatu, nazo huonekana wazi katika mwambao wa Ziwa Tanganyika.

Kasoro ya kwanza ni ya hesabu. Kila sehemu ina kiasi juu na asili chini, na hapa asili ni pato la taifa, wala si idadi ya watoto. Sensa ya 2022 ilionyesha kwamba Watanzania wenye umri wa chini ya miaka 15 ni zaidi ya 40 katika kila watu 100. Huko Japani hawafiki 13. Nchi hizo mbili zikitoa asilimia ile ile, na hata kama pato la kila mtu lingelingana, mtoto wa Tanzania angepata chini ya theluthi moja ya fungu la mwenziwe.

Kasoro ya pili ni thamani ya shilingi. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, yaani MMEM, ulioanza kutekelezwa mwaka 2002, ulikadiria ruzuku ya kila mwanafunzi kuwa dola 10 za Marekani, sawa na karibu shilingi 10,000 za wakati huo. Ada za sekondari zilipofutwa hadi kidato cha nne mwaka 2016, ruzuku ya mwanafunzi wa shule ya msingi ilikuwa bado shilingi 10,000, ilhali dola 10 zilikwisha kupita shilingi 20,000. Tarakimu ilibaki ile ile. Vifaa vilivyoweza kununuliwa kwayo ndivyo vilivyopungua.

Kasoro ya tatu ni umbali. Shule ya Ujiji imo kilometa chache tu kutoka stesheni ya Kigoma, ambako reli ilifika mwaka 1914. Kagunga, karibu na mpaka wa Burundi, ni habari nyingine. Wakimbizi walipofurika huko mwaka 2015, iliwabidi wasafirishwe kwa meli ya Liemba hadi Kigoma, kwa kuwa hapakuwa na barabara ya kupitisha magari. Katika vijiji vya namna hiyo mfuko wa saruji, dawati na bunda la vitabu hupakiwa botini, na nauli yake hukatwa katika ruzuku ile ile iliyogawiwa kwa kichwa.

Wapo wanaoshikilia kwamba usawa ni kumpa kila mtoto shilingi sawa. Lakini shilingi sawa haziwi vitabu sawa pale ambapo sehemu yake imekwisha kuliwa na safari. Pengo hilo humwangukia mzazi, naye mzazi wa mwambao hutegemea dagaa na migebuka. Uvuvi uliposimamishwa ziwani kwa miezi mitatu mwaka 2024, ili samaki wazaliane, kipato cha nyumba nyingi kilisimama nao, ilhali masomo hayakungoja.

Inafaa basi, pamoja na asilimia ya pato la taifa, kila wilaya itangaziwe kila mwaka mambo matatu: fedha zilizofika shuleni kwa kila mtoto, thamani yake baada ya kuzingatia kupanda kwa bei, na gharama ya kufikisha vifaa. Ruzuku nayo ikadiriwe kwa kufuata mambo hayo, na shule zisizofikika kwa gari ziongezewe fungu la usafirishaji. Kazi hiyo haihitaji elimu mpya ya uchumi. Orodha za wanafunzi na stakabadhi za nauli zimo tayari katika majalada ya walimu wakuu.