Mulika Mnunuzi

Simu yangu iliibwa Ijumaa jioni, nikiwa nimekaa dirishani kwenye matatu, kwenye foleni ya Muthurwa. Nilikuwa namjibu mteja aliyetaka gauni la saizi 14. Mkono uliingia, ukachukua, ukaenda. Hata sikupiga nduru. Aliyepiga ni abiria wa nyuma yangu, na alipomaliza akaniuliza: "Lakini siste, kwani ulikuwa umeitoa ya nini?"

Tangu siku hiyo nimeulizwa swali hilo na makanga, na mamangu, na dada wa kinyozi jirani, na afisa wa polisi aliyekuwa akitafuta kalamu ya kuandika kesi yangu. Linajifanya pole, kumbe ni hukumu. Linasema simu ilikuwa salama mpaka mimi nilipokosea. Halafu ushauri unafuata: funga dirisha, usiongee kwa simu barabarani, ukienda tao beba mulika mwizi, hii nyingine iache nyumbani.

Nimechoka na ushauri huu. Si eti ni wa uongo. Nimechoka kwa sababu unaishia kwangu. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza lile swali lingine: yule kijana, simu anaipeleka wapi?

Nitalifikia. Lakini kwanza niseme ya maana, maana sitaki mtu amalize kusoma hasira zangu na laini yake bado haina PIN.

Ukiibiwa, anza na laini. Azima simu ya mtu yeyote, pigia kampuni yako, wafunge laini pamoja na pesa zilizomo. Tangu M-Pesa ije mwaka wa 2007, laini ndiyo kibeti chetu. Mwizi akishindwa kufungua simu, anatoa laini, anaitia kwenye kifaa kingine, na nambari za siri za benki na barua pepe zinaanza kumwingilia kwa SMS kama zake. Ndiyo maana laini inahitaji PIN yake, tofauti na ya simu. Iko kwenye mipangilio, sehemu ya usalama. Ukishaiweka, tunza na ile namba ya PUK, maana ukikosea PIN mara tatu utaihitaji.

Pili, ingia kwenye akaunti yako ya Google au ya Apple kupitia kompyuta ya mtu na uifunge simu ukiwa mbali. Hapa ndipo wengi hukwama: akaunti inakuambia imetuma namba ya uthibitisho kwa simu ileile iliyoibwa. Kwa hivyo chapisha namba za akiba leo na uziweke kwenye karatasi nyumbani. Ukitumiwa ujumbe baadaye kwamba "simu yako imepatikana, bonyeza hapa," usibonyeze. Huyo ni mwizi anavua nywila yako. Na kama ni iPhone, usiiondoe kwenye akaunti hata ukishakata tamaa, maana ukiiondoa umemfungulia kufuli.

Tatu, simu nyingi huporwa zikiwa wazi mkononi, kama yangu. Tangu 2024 Android nyingi zina kinga inayohisi mnyakuo wa ghafla na kujifunga, na iPhone nazo zikapata ulinzi wake mwaka huohuo. Tafuta mipangilio hiyo sasa hivi, kabla hujaendelea na aya inayofuata.

Nne, bonyeza *#06#. Utaona IMEI, tarakimu 15, na kama simu ina laini mbili utaona namba mbili. Ziandike kwenye daftari. Usizipige picha kwa simu hiyohiyo, tafadhali.

Kati ya hayo yote mimi nilikuwa na moja tu: IMEI, na hiyo ni kwa sababu sikuwa nimetupa boksi. Laini haikuwa na PIN. Simu ilikuwa wazi, na WhatsApp ndiyo duka langu, maana nauza nguo za mitumba kwa mtandao. Kabla sijapata mtu wa kuniazima simu, wateja wangu watatu walikuwa wameandikiwa, "Tuma deposit kwa hii namba ingine, ile yangu iko na shida." Wakatuma. Jumla 4,700. Nimewalipa wote. Mmoja bado haamini kwamba hakuwa mimi.

Kituoni afisa aliandika kila kitu vizuri. Nikampa zile tarakimu 15. Akaniambia, kwa upole kabisa, "Madam, hizi simu hazirudingi. Lakini tutakupigia."

"Kwa simu gani?" nikamuuliza.

Akacheka. Nikacheka pia, kwa sababu ningelia.

Kwenye kampuni ya simu waliniambia wanaweza kufunga laini, lakini kifaa chenyewe hawana namna. Sawa. Nikaenda nyumbani nikiamini kwamba kifaa hakifungiki.

Sasa sikiliza. Simu ile nilikuwa nimeichukua kwa mkopo, ile ya kulipa kidogo kidogo, 65 bob kila siku. Siku zile nilikuwa natafuta pesa za wateja, sikulipa. Siku ya nne nikapata SMS kwenye laini yangu mpya: simu yako imefungwa kwa sababu ya malipo kuchelewa.

Niliisoma mara tatu. Kumbe kifaa kinafungika! Kinafungika kikiwa mbali, kikiwa mikononi mwa mtu asiyejulikana, bila OB, bila abstrakti ya polisi, bila mtu kuuliza ulikuwa umekitoa ya nini. Kinafungika kwa deni la 65 bob. Na deni bado ninalilipa, kwa simu ambayo sina.

Na si wakopeshaji peke yao wanaojua kazi hii. Mwisho wa Septemba 2012 serikali yetu iliamuru simu feki zizimwe, na mitandao ikazizima zaidi ya milioni moja kwa kutumia IMEI zao. Oktoba 2024 Mamlaka ya Mawasiliano ikatangaza kwamba kuanzia Januari 2025 waagizaji na waunganishaji wa simu wawasilishe IMEI kwa KRA, na mitandao iunganishe tu simu mpya zilizolipiwa ushuru. Katiba Institute ikaenda kortini kuupinga mpango huo kwa sababu ya faragha, na sina ugomvi nao. Serikali inayotaka orodha ya simu zetu zote lazima iulizwe inaitakia nini.

Ninachosema ni kidogo tu. Bidhaa ikiwa feki, IMEI inajulikana. Ushuru ukitafutwa, IMEI inajulikana. Deni likichelewa, simu inazimika. Ni mimi tu nikiibiwa ndipo teknolojia inakuwa ngumu, na watu wote wanageuka kunitazama mkono.

Na mtu asiniambie haiwezekani. Mei 2023 India ilifungua tovuti ya Sanchar Saathi. Ukiibiwa, unaweka IMEI na ripoti ya polisi, simu inazuiwa kwenye mitandao yote ya nchi. Na anayetaka kununua simu ya mkono wa pili anaweza kuichungulia kwanza kama imezuiwa. Orodha ya aina hiyo haihitaji simu zetu zote. Inahitaji zile tu ambazo wenyewe wamelia kwamba zimeibwa.

Najua utasema IMEI hubadilishwa, na simu hufunguliwa ikauzwa kioo peke yake, betri peke yake, au ikavushwa mpaka. Ni kweli. Mlango nao huvunjwa, lakini hatulali milango wazi. Kufuli si lazima limshinde kila mwizi. Kazi yake ni kushusha bei. Simu inayouzika 9,000 jioni hiyohiyo itakimbiliwa na nduthi tatu. Ikiuzika 700 kama vipuri, wachache watahatarisha shingo zao.

Na hapo ndipo tunafika kwa mnunuzi.

Wiki mbili baada ya kuibiwa, kijana mmoja alishikwa kwenye stage yetu na simu ya mama mmoja. Sijui kama alikuwa ametimiza miaka 20. Alipigwa kwa mawe, mikanda, kila kilichopatikana. Mtu akauliza tairi iko wapi. Polisi walifika kabla tairi haijaja, na mimi nilikuwa nimesimama pale, na nitasema ukweli: sehemu yangu moja ilifurahi.

Kisha nikamwona aliyekuwa akipiga teke kuliko wote. Namjua. Ana kibanda cha simu nyuma ya stage. Zimepangwa kwenye kioo bila boksi, bila chaja, bila risiti, na ukimuuliza zimetoka wapi anakwambia, "Auntie, wewe unanunua simu ama unanunua historia?"

Huyo ndiye aliyekuwa akimfundisha kijana adabu.

Sheria yetu, ukiisoma, haina unafiki huu. Kifungu cha 279 cha Kanuni ya Adhabu kinasema kumwibia mtu kitu alichokibeba mwilini ni kifungo hadi miaka 14. Kifungu cha 322 kinasema kupokea mali ukijua, au ukiwa na sababu ya kuamini, kwamba ni ya wizi ni kifungo hadi miaka 14. Miaka ileile. Kwenye karatasi, mwizi na mpokeaji wamekaa benchi moja. Mtaani mmoja anaitiwa tairi, mwingine anaitwa "boss, niwekee ile ingine ikikuja."

Na sasa zamu yangu, kwa sababu siandiki haya nikiwa nimesimama juu ya kilima.

Mwaka wa 2021 nilinunua simu kwa 4,500. Dukani ilikuwa inauzwa zaidi ya 20,000. Sikuuliza. Nilijiambia mwenyewe labda ana shida, anauza haraka. Fundi alipoiwasha, kioo kilikuwa na picha ya mtoto aliyevaa joho la kuhitimu nasari. Fundi akaniambia, "Nipe dakika 20 nikuflashie." Kabla hajaanza, kengele ikalia. Kwenye kioo kulikuwa na maneno matatu: *Dawa ya mama*.

Sote wawili tuliyaona. Fundi akaninyooshea simu, sijui kwa nini, pengine alitaka niamue mimi. Nikabonyeza kuzima. Nikasema, "Flashi."

Kwa miaka miwili simu ile ilinitumikia vizuri, na nilijiita mjanja. Nilipata dili. Sikujiuliza hata siku moja kama yule mama alikumbushwa dawa yake na mtu mwingine. Nilianza kujiuliza Ijumaa ile Muthurwa, yaani nilipoguswa mimi. Sijivunii.

Kwa hivyo ukinijibu kwamba sisi vijana hatuna pesa za simu mpya, usidhani sielewi. Mimi nauza mitumba, najua thamani ya kitu cha mkono wa pili. Lakini robota langu najua nimelitoa Gikomba, kwa nani, kwa shilingi ngapi. Mtumba una njia ulikopitia. Ukiuziwa kitu ambacho muuzaji hawezi kukueleza njia yake, hicho si mtumba. Ni jasho la mtu ambaye bado yuko kwenye foleni akiulizwa alikuwa amekitoa ya nini.

Kwa serikali na kampuni za simu nataka kitu kimoja: sehemu moja ya kuripoti, mitandao yote izuie kifaa hicho, na mnunuzi yeyote aweze kukiangalia kabla ya kutoa pesa. Mnajua kuifanya. Mmeshaifanya kwa mambo yanayowahusu nyinyi.

Kwetu sisi nataka dakika tano. Kabla hujalipa, bonyeza *#06# na ulinganishe na boksi. Hakuna boksi? Dai risiti. Hakuna risiti? Mwambie muuzaji atoe akaunti yake kwenye simu mbele yako kwa kuweka nywila yake mwenyewe. Aliyeinunua kihalali anaijua. Akianza hadithi ya shangazi yuko Qatar, rudisha pesa mfukoni uende. Dili litakuuma siku mbili, kisha utasahau.

Na siku ukiwa kwenye matatu, mkono uingie dirishani umpokonye jirani yako, tafadhali usimuulize alikuwa ameitoa ya nini. Alikuwa ameitoa aitumie, ni yake. Muazime yako apige simu laini ifungwe. Halafu tazama ile uliyomwazima, ukumbuke uliitoa wapi.