Alama Kumi za Goto

Nilikatwa alama 10 kwa sababu ya neno moja: goto. Mhadhiri alilizungushia wino mwekundu, akaandika pembeni, "Hairuhusiwi." Kwa nini, hakuandika. Nikaondoa goto, nikaweka return tatu katikati ya fanksheni, alama zikarudi. Return hizo ndizo zilizoniponza.

Programu ilikuwa ya kupima kina cha maji kwenye mfongo wetu kule Kibosho kila baada ya dakika 10. Inafungua faili, inasoma kihisi, inaandika, inafunga. Kihisi kikikataa, return: inatoka mbio, faili limebaki wazi. Masika waya ukalowa, kihisi kikakataa wiki nzima na ushei, mara 144 kwa siku. Linux kwa kawaida huiruhusu programu moja kushika faili 1,024 kwa wakati mmoja. Piga hesabu. Siku ya nane nafasi zikaisha. Waya ulipokauka kihisi kilipona, lakini programu haikuweza tena kufungua faili lolote. Nilipopanda kutoka Moshi mjini kuchukua data ya tasnifu, masika yalikuwa yamekwisha na sikuwa na kitu.

Najua marufuku hii ilikotoka. Machi 1968 Edsger Dijkstra aliandika barua maarufu dhidi ya goto. (Kile kichwa chake kikali hakukitunga yeye, alikiweka mhariri, Niklaus Wirth.) Enzi zile programu zilirukaruka hovyo hadi msomaji akapotea, na malalamiko yake yalikuwa ya haki. Lakini goto ya C haiwezi hata kutoka nje ya fanksheni yake. Na C ina kauli nne za kuruka: goto, break, continue na return. Mbona tunamfunga mmoja, ndugu zake watatu wanatamba?

Tarehe 15 Januari 1990 mtandao wa simu za masafa marefu wa AT&T huko Marekani ulikwama kwa takriban saa 9. Chanzo kilikuwa break iliyokaa pasipo mahali pake. Sijasikia darasa lililopiga marufuku break. Mwaka 2014 Apple walipata aibu ya mstari wa goto uliojirudia kwenye ukaguzi wa usalama, na watu wakashangilia: si tuliwaambia? Weka return mahali pale pale, mlango unabaki wazi vile vile. Kosa lilikuwa mstari uliojirudia na mabano yaliyokosekana.

C haikusafishii nyumba ukiondoka. Ndiyo maana mwongozo wa waandishi wa kiini cha Linux unaikubali goto waziwazi: kila hitilafu iruke hadi lebo iliyo mwishoni, pale vitu vinapofungwa.

Babu yangu hajawahi kugusa kompyuta, ila sheria ya mfongo aliifahamu. Ukiwa kwenye zamu yako mvua ikakukuta, nenda nyumbani, hakuna atakayekulaumu. Lakini pitia kwanza kwenye banio, ulifunge. Hukati njia kupitia migombani.

Nimeirudisha goto. Lebo yake nimeiita banio, na ndani yake kuna mstari mmoja tu wa kufunga faili. Kihisi kinasubiri masika mengine, nami nimeongeza mwaka chuoni. Msahihishaji ni yule yule.