Mke na Mume, Mfuko Mmoja

Kila mwisho wa mwaka, waajiri wa Marekani wanapofungua dirisha la kuchagua marupurupu, ushauri husambaa haraka miongoni mwa Waswahili waishio huko kuhusu fedha za matunzo ya mtoto zinazokatwa kwenye mshahara kabla ya kodi. Mwingi una kasoro.

Unaoponza zaidi ni huu: “Kila mmoja ana kikomo chake.” Kikomo ni cha kaya: dola 5,000 hadi 2025, na 7,500 kuanzia 2026, mpango wa mwajiri ukiruhusu. Wanandoa wanaojaza fomu za kodi kila mtu kivyake, 3,750 kila mmoja. Mwajiri wa mume hajui mke anakatwa nini kwake, hivyo hakuna atakayewazuia mkikatwa 15,000. Lakini kila W-2, taarifa ya mshahara ya mwaka, huonyesha kiasi hicho kwenye kisanduku cha 10, na mkijaza Fomu 2441 kilichozidi hurudi kwenye mapato na kutozwa kodi.

“Mama yuko nyumbani, mshahara wa baba unatosha.” Hautoshi. Msamaha wa kodi kwa fedha hizo hauwezi kuzidi kipato cha kazi cha yule apataye kidogo kati ya wawili, na sifuri ni sifuri. Mwenzi anayesoma muda wote, au asiyejiweza, ndiye huhesabiwa kana kwamba anapata dola 250 kwa mwezi kwa mtoto mmoja, 500 kwa wawili au zaidi. Miezi tisa ya chuo, mtoto mmoja: 2,250. Basi.

Eti bibi hawezi kulipwa? Anaweza, mradi hamjamwandika kuwa tegemezi wenu na ana namba ya kodi. Naye hayo ni mapato yake. Ila mtoto aliyeachwa Tanga kwa bibi haingii: lazima aishi nanyi zaidi ya nusu mwaka, na awe hajatimiza miaka 13.

Wapo pia wanaotaka kula huku na huku, wakatwe kisha wadai nafuu ya kodi ya matunzo. Nafuu hiyo hutazama gharama zisizozidi 3,000 kwa mtoto mmoja, 6,000 kwa wawili au zaidi, na kila dola iliyosamehewa kupitia mwajiri huzipunguza. Mwenye watoto wawili aliyekatwa 5,000 alibakiwa na 1,000. Akikatwa 7,500, habakiwi na kitu.