Neno "Mjerumani" Tulitumie kwa Haki

Nataka kusema juu ya neno ambalo hapa Kerenge, na Korogwe nzima, halikauki midomoni mwa watu: Mjerumani.

Katika Kiingereza neno "German" hufanya kazi nyingi. Ni mtu, ni lugha, tena ni sifa ya kitu chochote cha nchi ile. Kiswahili kimezigawa kazi hizo vizuri. Mtu mmoja ni Mjerumani, wengi ni Wajerumani, lugha yao ni Kijerumani, na nchi yao ni Ujerumani. Wazee wana jina jingine, Mdachi, lililotokana na "Deutsch", jina ambalo wenyewe hujiita. Hapo mwanafunzi na ajihadhari: "Dutch" la Waingereza lina asili hiyo hiyo, lakini maana yake ni Mholanzi.

Basi lugha haikutunyima kitu. Walakini tusimuliapo historia, twashika neno moja tu. "Mjerumani alijenga reli." "Ule ulikuwa wakati wa Mjerumani." Mtu mmoja amekuwa serikali, amekuwa zama, tena amekuwa fundi na kibarua!

Sikatai "wakati wa Mjerumani". Ni msemo wa wazee, na kila mtu afahamu kuwa ni utawala ule uliong'olewa huku kwetu mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza. Tena pako mahali ambapo neno hilo ni sahihi kabisa. Mkonge uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani mmoja, Richard Hindorf, na miche 62 tu ndiyo iliyofika hai. Yeye ni mtu mmoja, na jina lake twalijua.

Lakini reli je? Ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893 ikafika Korogwe mwaka 1902. Wajerumani walitoa amri, fedha na wahandisi. Waliofyeka msitu, wakachimba udongo na kubeba vyuma begani, walio wengi walikuwa Waafrika. Majina yao hayamo katika vitabu tusomavyo. Tusemapo "Mjerumani alijenga," twawafuta mara ya pili, na safari hii kwa ndimi zetu wenyewe.

Wako watakaosema kwamba hayo ni maneno matupu. Sivyo. Mtoto akisikia kila siku kwamba kila kazi kubwa ilifanywa na Mjerumani, atadhani babu zake walikaa kitako wakitazama. Na haki hii ina pande mbili. Tusemapo "Mjerumani alitupiga viboko," tukumbuke kuwa ilikuwa serikali ya zama zile. Mjerumani ajaye leo kututembelea hakushika kiboko hicho.

Kwa hiyo nawasihi wanafunzi wenzangu, na waalimu wetu wasahihishapo insha, tuandike hivi: "Reli ilijengwa na vibarua wa Kiafrika chini ya utawala wa Wajerumani." Sentensi hiyo ni ndefu kidogo, lakini kila mtu amepata fungu lake. Wahenga walisema: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne