Usifunge Kava la Msumeno kwa Waya

Vijana wenzangu, siku hizi wengi mnajijengea mabanda ya kuku wenyewe, na mimi nawaunga mkono. Hela ya fundi inabaki kununua chakula cha vifaranga. Ila kuna tabia moja naipinga wazi: kulifunga kwa waya lile kava la chini la msumeno wa umeme wa duara, eti linachelewesha kazi. Jamani! Kava hilo hujifunga lenyewe ukimaliza kukata. Ukilizuia, bledi inabaki nje ikiwa bado inazunguka, na paja lako lipo jirani.

Pia msumeno huweza kukurudia kwa nguvu. Ukiweka mbao juu ya matofali mawili na kukata katikati, mbao inapinda na kuibana bledi. Egemeza vizuri upande mmoja, kipande cha kukatwa kiwe huru kudondoka. Bledi itokeze chini ya mbao kidogo tu, kama milimita 6. Simama pembeni, usiwe nyuma yake. Kabla ya kubadilisha bledi, chomoa plagi.

Banda likichelewa siku moja, hakuna hasara. Kidole kikikatika, hata kuku elfu moja hawakirudishi.