Zoezi si Taabu, wala Taabu si Zoezi

Wazee wetu walinena kwamba mtaka cha uvunguni sharti ainame. Neno hilo twalipenda sana sisi waenezi wa chama. Twalisema mikutanoni, na wale miongoni mwetu tuliotoka katika vyuo vya ualimu tumelifundisha darasani mara nyingi. Lakini kiangazi kilichopita tulifunzwa kwamba hata neno la kweli, likisemwa mahali pasipo pake, hugeuka kuwa matusi. Leo twapenda kuwaeleza jinsi tulivyofunzwa, na jambo tunaloliomba kwa kila tawi kutokana na funzo hilo.

Tulikuwa watatu, waenezi wa wilaya moja ya mkoa wa Singida, wote tungali chini ya miaka 30. Tuliazimia kuyazungukia matawi kwa miguu badala ya kungojea gari. Siku ile tulikuwa tumekwenda kilomita 14, na tulipofika kijijini tulijiona mashujaa. Watu walikusanyika chini ya mwembe, nasi tukaanza kuhutubia juu ya afya. Tulisema kwamba vijana wa leo wamelegea. Tulisema kwamba mwili usiotumika huota kutu kama jembe lililotupwa. Tulimaliza kwa kuagiza kwamba kila mtu, mume kwa mke, aanze kukimbia kila asubuhi.

Bibi mmoja aliyekuwa amekaa pembeni, ndoo tupu mbele yake, aliomba ruhusa ya kuuliza. Akasema: "Wanangu, karibuni sana. Mimi leo nimekwenda kisimani mara mbili kabla ninyi hamjafika. Tukimaliza mkutano huu nakwenda mara ya tatu. Sasa hizo mbio mnazozitaka, nizikimbie saa ngapi?" Watu wakacheka. Nasi tukacheka, maana tulidhani ni mzaha. Yeye hakucheka. Akasema, "Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi," akaichukua ndoo yake, akaenda zake.

Usiku ule tulijiuliza: Je, tulikuwa tumesema uwongo?

Hapana, hatukusema uwongo. Tulisema nusu ya kweli, na nusu tuliyoiacha ndiyo iliyomhusu yule bibi.

Nusu tuliyoisema ni hii. Mashine ikitumiwa huchakaa, bali mwili wa binadamu ukitumiwa kwa kiasi huongezeka nguvu. Msuli uliobebeshwa mzigo hujijenga upya ukawa imara kuliko kwanza. Moyo uliozoezwa husukuma damu nyingi zaidi kwa pigo moja, kwa hiyo hauna haja ya kupiga mbio mtu apumzikapo. Mfupa nao huwa mgumu kwa sababu ya uzito unaouchukua. Watu wanaokaa miezi mingi katika vyombo vya angani, ambako mwili hauhisi uzito wake, hupoteza kiasi cha sehemu 1 katika 100 ya mifupa ya nyonga kila mwezi, ijapokuwa hawana ugonjwa wo wote. Ndiyo sababu hupangiwa mazoezi ya karibu saa mbili kila siku huko huko angani.

Mwaka 1953 daktari Mwingereza, Jeremy Morris, pamoja na wenzake, walitangaza uchunguzi wao juu ya wafanyakazi wa mabasi ya London. Mabasi yale yalikuwa ya ghorofa. Dereva alikaa kitini kutwa nzima, lakini kondakta alipanda na kushuka vidato kwa mamia ili akate tikiti. Ilionekana kwamba ugonjwa wa moyo uliwapata makondakta kwa uchache kuliko madereva, na hata ulipowapata haukuwaua kwa wingi kama ulivyowaua madereva. Watu wa basi moja, wa hali moja ya maisha, na tofauti kubwa kati yao ilikuwa kiti na ngazi.

Na sisi Watanzania tusidhani kwamba hayo ni maradhi ya Wazungu. Uchunguzi uliofanywa nchini mwaka 2012 kwa watu wa miaka 25 hadi 64 ulionyesha kwamba karibu mtu 1 katika kila 4 alikuwa na shinikizo la damu, na karibu watu 9 katika kila 100 walikuwa na kisukari. Shirika la Afya Duniani lashauri kwamba mtu mzima apate angalau dakika 150 kila juma za kazi au zoezi la kumharakisha pumzi. Ni nani kati yetu wa maofisini azipataye? Kutoka nyumbani hadi sokoni twapanda bodaboda, hata kama mwendo ni wa dakika kumi. Twakaa kikaoni kutwa tukinywa soda, kisha jioni twasema tumechoka. Kuchoka kwa nini?

Sasa nusu tuliyoiacha. Mzigo humjenga mtu kwa masharti matatu. La kwanza, uongezwe kidogo kidogo, maana haba na haba hujaza kibaba. La pili, uandamane na chakula na mapumziko, kwa kuwa mwili haujijengi wakati wa kazi bali baada ya kazi. La tatu, mwenye kuuchukua awe na uwezo wa kuutua anapoona umemzidi. Sharti hata moja likikosekana, mzigo ule ule uliokuwa dawa hugeuka kuwa jeraha.

Mtazame yule bibi. Ndoo ya lita 20 ina uzito wa kilo 20 za maji, na ndoo yenyewe hatujaihesabu. Haikuongezwa kidogo kidogo. Alitwikwa tangu utotoni. Mapumziko hana, kwa maana akirudi kisimani jiko lamngoja, na baada ya jiko, shamba. Kuitua hawezi, kwa sababu akiitua wajukuu watalala na kiu. Shingo yaumia, mgongo wapinda, magoti yaisha. Kijana wa mjini akinyanyua kilo 20 kwa nusu saa kisha akaoga, akala na kulala, huo ndio uzima. Uzito ni mmoja, lakini mmoja amechagua na mwingine amelazimishwa.

Kwa hiyo basi, kiongozi awaambiaye wananchi wavumilie taabu kwa kuwa taabu huleta nguvu, huyo awadanganya. Mtu wa namna hiyo atakuwa ameugeuza uvumilivu wa watu kuwa kisingizio cha kutochimba kisima. Chama kilichozaliwa kwa ajili ya kupigana na umaskini, ujinga na maradhi hakiwezi kusimama jukwaani na kuusifu umaskini kwamba ni mwalimu wa riadha. Tulikosa, na twakiri kwamba tulikosa.

Lakini tusiruke mkojo tukakanyaga mavi. Baada ya kusikia hayo wako watakaosema, "Basi mambo ya mazoezi tuyaache, tupumzike." Hapana. Yule bibi ndiye anayestahili kupumzika, sisi bado. Wenye nguvu wakikwepa kila gumu, magumu yote yatabaki juu ya vichwa vya wanyonge.

Oktoba 1967 Mwalimu Nyerere alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza, kwenye mkutano mkuu wa TANU, ili kuliunga mkono Azimio la Arusha. Alikuwa Rais wa nchi, magari yalikuwepo. Alichagua ugumu ambao hakuna mtu aliyeweza kumlazimisha.

Mtazame pia Alphonce Simbu, kijana wa mkoa huu huu wa Singida. Mwaka 2016 alishika nafasi ya tano katika mbio ndefu za Olimpiki huko Rio de Janeiro. Mwaka 2017 alipata nishani ya shaba katika mashindano ya dunia ya London. Kisha ikapita miaka minane. Septemba 2025, huko Tokyo, akiwa na umri wa miaka 33, aliipatia Tanzania nishani ya dhahabu ya kwanza katika historia ya mashindano hayo. Baada ya kilomita 42 alimshinda Mjerumani Amanal Petros kwa sehemu 3 za mia za sekunde. Wengi twasifu miguu yake. Sisi twasifu ile miaka minane. Mtu aamkaye alfajiri na kurudia kazi ile ile, mwaka baada ya mwaka, pasipo kujua kama tuzo itakuja, huyo amezoeza moyo wake kabla ya miguu yake.

Hapa twafika kwenye zoezi la akili, ambalo twalisahau kabisa. Hesabu ya watu ya mwaka 1967 ilionyesha kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima wa Tanzania Bara hawakujua kusoma. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na wazee wenye mikono migumu ya jembe wakaketi kwenye madawati ya wajukuu zao. Mtu aliyeheshimiwa na kijiji kizima kukosea herufi "a" mbele ya watu si jambo dogo. Lakini walikubali kukosea, na mwaka 1975 wasiojua kusoma walikuwa wamebaki 39 katika kila watu wazima 100. Mwaka 1973 watu wapatao milioni mbili walijiunga na vikundi vya kusikiliza redio katika kampeni ya "Mtu ni Afya". Walisikiliza, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka majani yaliyozunguka nyumba. Akili na mikono zilifanya kazi pamoja.

Je, sisi wenye simu mfukoni twaipa akili kazi gani? Sisi tuliosomea ualimu twajua kwamba mtoto anayepewa jibu kabla ya kuhangaika na swali hulisahau jibu lile kabla ya jioni. Aliyehangaika, akakosea, akasahihishwa, hulishika. Nasi watu wazima tu vivyo hivyo. Mtu asiyesoma kitu kigumu, asiyekubali kupingwa, atashindwa siku atakapohitaji kuufikiri msiba wa kweli. Kiongozi asiyezoea kuulizwa swali huogopa hata swali la bibi mwenye ndoo.

Tulirudi kijijini kwa yule bibi. Safari hii hatukuhutubia; tulikwenda na majembe, chepeo na sururu. Kijiji kina kisima kirefu kando ya shule, lakini maji yanahitaji mtaro wa mita 1,400 ili bomba lifike katikati ya makazi. Tuliwaomba vijana Jumamosi tu, kuanzia saa moja asubuhi hadi saa nne. Jumamosi ya kwanza walikuja 40. Ya pili walikuja 19, kwa sababu mikono ilikuwa imetoka malengelenge, yetu ikiwa ya kwanza. Ya tatu walirudi 26, na hao hawajapungua. Leo kijana ambaye siku ya kwanza alipumua kama mvukuto achimba mita zake akipiga soga. Mtaro haujakwisha. Mabomba tumeahidiwa lakini hayajaletwa, na hatutaacha kuyadai, maana mtaro ukikamilika na mabomba yasije, tutakuwa tumewafundisha vijana kwamba jasho lao ni bure.

Kutokana na hayo, twaliomba kila tawi mambo manne.

Kwanza, kiongozi mwenye afya aende kwa miguu au kwa baiskeli kwenye mkutano wo wote ulio chini ya kilomita 5. Njiani ataona mengi ambayo hayaonekani kwa dirisha la gari.

Pili, kila tawi litafute mzigo mmoja unaowaelemea wanyonge wa mahali pale, iwe ni maji, kuni, au njia ya zahanati. Mazoezi ya vijana yawe kuuondoa mzigo huo. Anayependa kukimbia na akimbie, lakini zoezi la kwanza la mwanachama liwe lile linalompunguzia mwenzake taabu.

Tatu, mara moja kwa juma pawe na saa moja ya kusoma pamoja kitu kigumu, kwa sauti, na kuulizana. Pa kuanzia ni hesabu za mapato na matumizi ya kijiji. Asiyeelewa asione haya kuuliza, na aliyezitunza hesabu asikasirike kuulizwa.

Nne, tusifanye mambo kwa pupa. Wenye umri mkubwa, wajawazito, na wenye maradhi ya moyo au kisukari wapate kwanza shauri la mganga wa zahanati, waanze polepole. Asiyeweza kuchimba aweza kuhesabu mita, kupika uji, au kusoma.

Baada ya Uhuru wa mwaka 1961 wito wa TANU ulikuwa "Uhuru na Kazi". Katika uhuru mtu huichagua kazi yake mwenyewe, na sisi wenye nguvu tumekwisha kuchagua yetu. Mita 600 za mtaro zimebaki. Ye yote aliye karibu nasi na aje Jumamosi na jembe lake, saa moja asubuhi, kabla jua halijawa kali.